Sekstanti ya kale ikikuchanganya: soma dalili zake kwanza, jina liache mwisho

Mtu akipata sekstanti ya kale, kile chombo cha mabaharia cha kupimia pembe ya jua na nyota, iwe ameachiwa na babu, ameikuta duka la vitu vya zamani au imetoka kwenye kontena la mitumba, kitu cha kwanza anachofanya ni kusoma jina lililochorwa pale kwenye tao, yaani ule upinde wenye namba, analiingiza Google, anakuta nyingine yenye jina hilohilo imeuzwa pesa nyingi Uingereza, bas usiku halali. Na akiona chombo chake hakifanani na zile za kwenye picha anasema ni kibovu, au kuna kitu kimeng'oka. Mimi nimeshika nyingi kiasi, za kutengeneza na za kuangalia tu, na ninachotaka kusema ni hiki: kile unachokiona ni kasoro mara nyingi ndo kazi yenyewe ya hicho chombo, na kile unachokichukulia kama uthibitisho, yaani jina na mwaka, ndo sehemu rahisi kuliko zote kudanganya. Kwa hiyo tunaanza na tao, tunaenda kwenye vioo, tunaenda kwenye fremu, jina tutalifikia wakati wake.

Kabla ya dalili zenyewe shika hili moja, manake litakusaidia kila mahali. Sekstanti ina vioo viwili, kimoja kiko juu ya mkono unaosogea na kingine kimekaa palepale kwenye fremu. Kile cha mkononi kikizunguka digrii moja, picha ya jua au nyota inahama digrii mbili. Ndo maana namba kwenye tao zimeandikwa mara mbili ya pembe yenyewe. Chukua chapati. Ukiikata vipande nane sawa, kipande kimoja ni oktanti, pembe yake halisi ni digrii 45 lakini imeandikwa mpaka 90. Ukiikata sita, kipande ni sekstanti, digrii 60, imeandikwa mpaka 120. Ukiikata tano unapata kwintanti, digrii 72, imeandikwa mpaka 144. Mafundi wengi waliongeza kidogo kila upande, kwa hiyo usishangae oktanti ikivuka 90 au sekstanti ikifika 130.

Namba zinaishia 90 na kitu, tao limekatika?

Hapana, halijakatika, umeshika oktanti. Hii ndo mama yake sekstanti. John Hadley aliipeleka mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi pale London, mwaka 1731, na kule Philadelphia fundi wa vioo anaitwa Thomas Godfrey alikuwa ameshafikia wazo hilohilo karibu wakati mmoja bila kujuana. Kwa kupima jua au nyota juu ya upeo wa macho digrii 90 zinatosha kabisa, hakuna nyota iliyo juu zaidi ya utosi. Sekstanti ilikuja pale mabaharia walipotaka kupima umbali kati ya mwezi na jua au nyota ili wapate longitudo, na umbali huo unaweza kuvuka digrii 90 vizuri tu. Kapteni John Campbell aliijaribu njia hiyo baharini kuanzia 1757, fundi John Bird akatengeneza ya kwanza yenye digrii 120, na ile almanaka ya Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa mfalme wa Uingereza, yenye majedwali ya mwezi ilianza na mwaka 1767.

Lakini oktanti hazikufa siku hiyo, na hapa ndo watu wanakosea. Zilikuwa bei rahisi, na nahodha wa meli ya mizigo ambaye haja yake ni latitudo ya jua la adhuhuri hakuona sababu ya kulipia zaidi, kwa hiyo zikaendelea kutengenezwa karne ya 19 karibu yote. Oktanti peke yake sio ushahidi wa uzee mkubwa. Angalia mambo madogo. Kama fremu ni ya mahogani au walnati, kubwa, na skeli imechorwa kwenye mbao nyeupe kwa mistari ya kukatana kimshazari badala ya venia (ile skeli ndogo iliyo kwenye ncha ya mkono, ya kusomea sehemu za digrii), hapo uko na kitu cha katikati ya karne ya 18 au kabla, tafadhali usikiguse hata na kitambaa chenye maji. Kama fremu ni mbao nyeusi ya jamii ya mpingo, mkono ni wa shaba ya njano na skeli ni nyeupe imechomekwa, hapo unaangalia kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 kwenda mbele. Na venia yenyewe, tafuta sifuri yake iko wapi: kwenye za zamani sifuri iko katikati, baadaye ilihamia mwisho wa kulia.

Niliwahi kushika moja ya hizi nyeusi kwa muda mrefu, na nilipoigeuza nyuma nikaona kipande cheupe kimechomekwa kwenye mbao, laini, kikubwa kama kucha za vidole viwili, na juu yake kuna mikwaruzo ya penseli iliyofifia ambayo huwezi kuisoma tena. Hapo ndo baharia alikuwa anaandika namba zake giza linaingia, na kwenye mbao ya kati kuna kitobo, penseli ilikuwa inakaa mle. Mwenye nayo alidhani kitobo ni cha skrubu iliyopotea na alikuwa anataka kukiziba. Usizibe.

Hakuna darubini, kuna tobo tu

Oktanti nyingi hazikuwahi kuwa na darubini. Zina kipande cha shaba chenye tobo moja au mawili madogo ya kuchungulia, na pengine kakifuniko kanakozunguka kuchagua tobo lipi. Hiyo ni kamili, usiende kununua darubini ya kuchomeka.

Ikiwa kuna matobo ya kuchungulia sehemu mbili tofauti na kioo cha tatu kwenye fremu, umepata kitu kizuri. Kile kioo cha tatu ni cha kupima kwa kugeuka mgongo: kama upeo wa macho upande wa jua umezibwa na nchi kavu au ukungu, baharia alikuwa anageuzia jua mgongo na kutumia upeo wa upande wa pili. Kukipanga hicho kioo ilikuwa kazi ngumu na watu walikiacha polepole, kwa hiyo ukikikuta kimo ni dalili ya karne ya 18 zaidi. Wengi waliking'oa hicho kioo baadaye, utaona matobo mawili matatu ya skrubu yaliyobaki matupu kwenye fremu na rangi ya mbao imebadilika mahali kilipokuwa kimekaa. Hayo matobo yenyewe ni ushahidi.

Skeli nyeupe ni nini, pembe au plastiki?

Chukua kioo cha kukuzia na tochi ya simu. Mfupa una vidoadoa vyeusi na vimstari vifupi, ni njia za damu. Pembe ya ndovu ni laini na ukiipindua kwenye mwanga unaona mistari inayokatana au nyuzi zinazoenda kama mbao. Plastiki haina chochote, ni nyeupe ileile kila mahali. Usichome na sindano ya moto kama wanavyoshauri watu, unaharibu na haikuambii zaidi ya macho.

Na hapa niseme kwa uzito kabisa, manake nawapenda. Kama ni pembe ya ndovu, kwa Kenya na Tanzania kuwa nayo au kuiuza bila kibali ni kosa zito, na haijalishi ndovu alikufa miaka 200 iliyopita. Biashara ya kimataifa ilifungwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, uamuzi ulipitishwa 1989. Kupeleka nje oktanti yenye skeli ya pembe ndani ya begi ukidhani ni mbao na shaba tu ni kujitafutia balaa uwanja wa ndege. Nenda kwa watu wa wanyamapori kwanza, uliza, pata karatasi.

Imeandikwa SBR katikati ya tao, au kuna kinanga kidogo na herufi I R

Watu wanafurahi wanasema nimempata fundi. Kiasi. Kugawanya tao kwa mkono ilikuwa kazi ya wachache sana na ya polepole, mpaka Jesse Ramsden wa London alipotengeneza mashine ya kugawanya, akaikamilisha miaka ya 1770, na 1777 Bodi ya Longitudo ya serikali ya Uingereza ikamlipa £615 kwa sharti kwamba aifunue siri yake na agawanye pia vyombo vya mafundi wengine. Kwa hiyo kinanga chenye I na R kinakwambia tao hili limepita kwenye mashine ya Ramsden. Nani alitengeneza fremu, vioo, mkono, hilo halijasemwa. SBR vilevile, ni Spencer, Browning & Rust wa London, walianza 1784, na walikuwa wanagawanya matao kwa ajili ya mafundi na wauzaji kibao. Ukikuta SBR katikati ya tao alafu jina lingine la mtu wa Liverpool au bandari nyingine kwenye kibao cheupe cha juu, hakuna mgongano hapo. Mmoja aligawanya tao, mwingine aliuza, na mara nyingine lile jina la kwenye kibao ni la baharia mwenyewe mwenye mali.

Ni duara zima, namba zinafika 720

Hii ikikutokea kaa chini kwanza. Ni duara la kuakisi. Tobias Mayer, Mjerumani, alilipendekeza miaka ya 1750, Mfaransa Jean-Charles de Borda akaliboresha miaka ya 1770, na Edward Troughton wa London akaja na lake miaka ya 1790 lenye mikono mitatu na venia tatu. Sababu ya kuwa duara ni kufuta makosa: kama mhimili hauko katikati sawasawa, au mistari ya tao haikugawanywa vizuri, ukisoma sehemu tatu za duara na kuchukua wastani, makosa yanakatana yenyewe. La Borda lina akili nyingine, unapima pembe ileile mara nyingi mfululizo bila kurudi sifuri, alafu unagawanya jumla. Kwa hiyo usiseme mikono imezidi, na usiseme namba 720 ni kosa la mchoraji. Ni ile digrii 360 mara mbili, chapati nzima.

Fremu imegawanyika mbili, kuna nguzo katikati

Kama ukiitazama kwa ubavu unaona sahani mbili nyembamba za shaba zimeunganishwa na vinguzo vidogo vingi, kama dari na sakafu, hiyo ni fremu ya nguzo ya Troughton, aliichukulia hataza 1788. Lengo ni ugumu bila uzito. Iliendelea kutengenezwa muda mrefu, na wengine waliiga, kwa hiyo inakupa mwanzo tu: haiwezi kuwa kabla ya 1788.

Haina vioo vya rangi kabisa

Sekstanti ya kawaida ina vioo vya rangi, vyekundu, kijani, vyeusi, ili jua lisikuunguze jicho. Ukikuta haina, swali la kwanza: kuna sehemu ya kuvifunga? Kama kuna kimhimili na nafasi kati ya vioo viwili lakini vioo havipo, vimepotea. Kama hakuna kabisa mahali pa kuvifunga, fremu ni laini pale, bas hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya jua. Ni sekstanti ya wapima kina. Hawa walikuwa kwenye boti wanatupa bildi, na kujua wako wapi walikuwa wanaishika sekstanti kwa ulalo na kupima pembe kati ya alama za nchi kavu, mnara na kilima, kilima na msikiti. Vioo vyake ni vikubwa kidogo, darubini yake inaona eneo pana, na mara nyingi inasoma dakika nzima tu, sekunde hazikuwa na maana kwenye boti inayoyumba. Watu wanazitupa hizi wakidhani ni mabaki, na mimi naziheshimu sana, manake chati za bandari zetu zilipimwa kwa vyombo vya aina hii.

Tafadhali, chombo kisicho na vioo vya rangi usikielekeze kwenye jua hata sekunde moja. Na vile vyenye vioo vya rangi, chunguza kwanza kama havina ufa.

Ni kidude cha mviringo kama kopo la kiwi

Fungua kifuniko taratibu, kinageuka kuwa mshikio. Hiyo ni sekstanti ya mfukoni, vioo viko ndani ya kopo, tao na venia ziko juu, mara nyingi kuna kioo kidogo cha kukuzia kwenye kimkono. Wapima ardhi, wanajeshi na wasafiri ndo walikuwa wateja. Shida yake kubwa ni kwamba funguo ndogo ya kurekebisha kioo, ambayo huwa imefungwa kwenye kopo lenyewe kama skrubu, inapotea. Ukiona tobo lenye nyuzi za skrubu na hakuna kitu ndani, ndo hiyo.

Kasha lina trei ya chuma, chupa nzito na kibanda cha vioo

Usifungue hiyo chupa. Kama ni nzito kupita kiasi ina zebaki, na mvuke wake ni sumu, hasa kwenye chumba kilichofungwa. Seti hiyo ni upeo bandia. Nchi kavu hakuna bahari ya kukupa mstari wa upeo, kwa hiyo unamwaga zebaki kwenye trei, inatulia kama kioo, unaifunika na kibanda cha vioo upepo usiitikise, alafu unapima pembe kati ya jua la angani na jua lililo ndani ya zebaki. Jibu unaligawanya kwa mbili. Livingstone alijifunza kupima hivi kwa Thomas Maclear, mwanaastronomia wa Cape, Afrika Kusini, na ndivyo alivyopata latitudo zake huku bara.

Na kuna jambo hapa ambalo sisi wa karibu na ikweta tunalielewa kuliko mtu wa London. Kwa kuwa pembe inakuwa mara mbili, jua likipita digrii 60 juu, unahitaji zaidi ya digrii 120 kwenye tao, na sekstanti haifiki. Huku kwetu jua la adhuhuri mara nyingi liko 70, 80, karibu na utosi. Msafiri alikuwa analazimika kusubiri usiku apime nyota zilizo chini zaidi. Kwa hiyo ukikuta kwintanti ya 144 kwenye kasha la msafiri wa tropiki pamoja na trei ya zebaki, usidhani vimechanganywa kutoka makasha mawili. Inaeleweka kabisa kwa nini alichukua yenye tao refu.

Hakuna upeo, kuna kiputo kama cha pima maji

Hii ni ya ndege, au ya watu walioanza kuwaza ndege. Rubani akiwa juu ya mawingu upeo wa bahari hauonekani, kwa hiyo chombo kinabeba upeo wake ndani. Kama umbo bado ni la sekstanti ya bahari, tao na mkono vipo, lakini kuna pima maji imeongezwa, soma jina vizuri: Mreno Gago Coutinho alitumia sekstanti ya namna hiyo mwaka 1922 alipovuka Atlantiki ya kusini na Sacadura Cabral kutoka Lisboa mpaka Rio de Janeiro, na baadaye C. Plath wa Hamburg wakazitengeneza zikiwa na jina lake juu. Hizo ni adimu, zikija mkononi mwako tulia.

Kama umbo ni boksi jeusi lenye vitufe na namba kwenye vidirisha, hakuna tao kabisa, hiyo ni ya Vita ya Pili, kama Mk IX za Henry Hughes & Son au AN5851 za Wamarekani. Dalili inayowasumbua watu ni mlio wa saa ndani, wanadhani kuna springi imeachia. Ni mashine ya wastani: ndege inayumba, kiputo kinacheza, kwa hiyo chombo kinapima mfululizo kwa dakika moja au mbili na kukupa wastani. Kiputo kikiwa kimepotea mara nyingi kimajimaji kimevuja tu, ugonjwa wa kawaida wa uzee. Ila angalia: namba za kung'aa gizani za wakati ule zilipakwa radiamu. Rangi imeacha kung'aa lakini mionzi ipo. Usifungue, usikwangue ule unga, usipulize.

Kuna kiboksi nyuma ya kioo na pampu ya mkono

Nimeiona mara moja tu na sitaisahau. Admirali Mfaransa Georges Fleuriais, miaka ya 1880, aliweka pia ndani ya kiboksi, pia kabisa kama ile ya watoto, inazungushwa kwa hewa ya pampu. Ikizunguka inasimama wima hata meli ikiyumba, na mistari iliyochorwa kwenye lensi ndogo zilizo juu yake inaonekana kama mstari mmoja uliotulia, huo ndo upeo wako. Ponthus & Therrode wa Paris walizitengeneza. Kama umekuta sekstanti ya Kifaransa na mpira wa pampu uliokauka ndani ya kasha, usitupe huo mpira, bila huo nusu ya hadithi imepotea.

Inasoma kwa dramu, sio venia

Ukiona kidude cha kuzungusha chenye dakika 60 pembeni, ni dramu ya maikromita, na hapo uko karne ya 20. Mwaka 1850 kwenye chombo chenye dramu haukubaliki. Ikiwa na tai na herufi M ni ya jeshi la maji la Ujerumani wakati wa Vita ya Pili. Ikiwa imeandikwa SNO-T ni ya Kisovieti, chombo kizuri cha kazi, tena kigumu. Za Freiberg, Ujerumani, na za Tamaya wa Tokyo pia ni vyombo vya kufanyia kazi kabisa, thamani yake iko kwenye kutumika.

Inang'aa, ina jina kubwa na mwaka mkubwa, lakini haisomi

Sasa tumefika kwenye jina. Kaka yangu alinunua sekstanti Mji Mkongwe, shaba inawaka, kasha lina nanga juu, na muuzaji akamwambia imetoka kwenye Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyojificha delta ya Rufiji, ambayo mzinga wake mmoja upo Fort Jesus pale Mombasa. Akaniletea kwa furaha kweli. Juu imechorwa Kelvin & Hughes London 1917. Nilikaa nayo muda kabla sijasema chochote, manake alikuwa ametoa pesa ya ada ya mtoto. Königsberg iliangamizwa 11 Julai 1915. Na Kelvin & Hughes kwa jina hilo haikuwepo 1917, Henry Hughes & Son walikuwa peke yao na Kelvin, Bottomley & Baird peke yao, waliungana miaka ya 1940. Maandishi hayo utayakuta kwenye vyombo vingi sana vya mapambo vinavyotoka India, na kwa mwenye kujua yanatosha.

Lakini nilitaka aone kwa macho yake, asiniamini mimi tu, kwa hiyo tukaipima mezani. Weka karatasi chini ya fremu, tia alama pale mkono unapozungukia, tia alama kwenye 0 na kwenye 60, unganisha, pima kwa kipimapembe cha mtoto wa shule. Kwenye sekstanti ya kweli unapata 30. Yeye alipata kama 40. Yaani aliyechora namba hakuwa anajua zinahusu nini. (Ukipata 60 kamili na hakuna vioo, subiri: inaweza kuwa kwadranti ya timazi, hiyo haiakisi kitu na namba zake ni halisi.) Alafu venia: iweke sifuri juu ya sifuri ya tao, mstari wa mwisho wa venia nao lazima uangukie sawasawa juu ya mstari wa tao, na katikati yake hakuna mwingine unaokutana. Ya kwake mistari ilikuwa inakutana hovyo. Skrubu moja chini ya mshikio ilikuwa ya nyota, na skrubu za nyota zimekuja miaka ya 1930.

Muuzaji huenda naye aliuziwa hivohivo, sijui, ila pesa haikurudi.

Kwa hiyo kung'aa ni ushahidi? Hapana, kuna watu wanapiga Brasso sekstanti za kweli kila Jumamosi, na hilo linaniuma kuliko feki. Kwenye sekstanti nyingi za shaba za kweli tao limechomekwa ukanda wa fedha, mistari yake ni myembamba kama unywele, na ukisugua miaka kumi mistari inaisha. Safisha kwa brashi laini ya rangi na tone la mafuta mepesi kwenye mhimili, bas. Vioo vyenye madoa meusi pembeni pia viache kama ni vya zamani, madoa hayo yanakusaidia kuthibitisha umri.

Kwenye kifuniko kuna cheti, lakini tarehe haifanani

Soma namba. Cheti kina namba ya chombo, na kwenye tao kuna namba, zikifanana umepata hazina. KO zilizofungamana ni za Kew Observatory, NPL ni za National Physical Laboratory iliyoanza 1900, zote za Uingereza, ndo zilikuwa zinakagua vyombo. Tarehe ya cheti ni siku kilipokaguliwa, na chombo kinaweza kukaguliwa tena baada ya miaka 20, kwa hiyo cheti kipya kwenye chombo cha zamani sio wizi. Namba zikitofautiana ndo mtu amehamisha kasha.

Kila kitu kinaonekana sawa, nitajuaje kama bado inapima?

Nenda ufukweni asubuhi, weka vioo vya rangi vizito vyote viwili, na chunguza mara mbili kwamba viko mahali pake. Leta jua na picha yake ziguse ukingo kwa ukingo, soma. Alafu zipitishe ziguse upande wa pili, soma tena, hii itakuwa nyuma ya sifuri. Jumlisha, gawanya kwa nne, unatakiwa kupata nusu ya upana wa jua, ambayo ni dakika 16 na kidogo mwezi wa kwanza na inashuka mpaka karibu 15 na sekunde 45 mwezi wa saba. Mapema Januari nilipima oktanti ya mzee mmoja, mbao nyeusi, pembe zimelika kwa mikono ya watu. Inasoma dakika nzima tu, kwa hiyo nilipima mara sita na kuchukua wastani: mbele ya sifuri 34' 20", nyuma ya sifuri 30' 40". Jumla 65', robo yake 16' 15". Jua la siku hiyo kwenye almanaka lilikuwa 16' 16". Ile tofauti ya mbele na nyuma, nusu yake, 1' 50", ndo kosa la sifuri, unalitoa kwenye kila kipimo na kazi inaendelea. Mzee aliniuliza kama niirekebishe kioo ifike sifuri kabisa. Nilimwambia skrubu hiyo ina miaka mingi haijaguswa, tumeshajua inakosea kiasi gani, tuiache.